Ubao, Vyuma na Vidole Gumba Viwili

Rahisi ni ghali, husema watu wa sokoni, na mara nyingi husema kweli. Viatu vya bei ya kutupa huachia soli kabla mwezi haujaandama, na sufuria nyepesi huunguza wali siku ya kwanza. Ubaya wa msemo huu ni kwamba tumeuzoea mno, tukaupeleka hata mahali ambapo haufai. Mzazi anayetaka mwanawe ajue muziki, au mtu mzima aliyeishi na hamu hiyo tangu utotoni, huanza kwa kuulizia kinanda au gitaa. Akitajiwa bei huahirisha mpaka mwakani, na mwakani huahirisha tena. Akionyeshwa ala ndogo inayotosha viganjani na kuuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya gitaa, hukunja uso na kusema kwamba hicho ni kidude cha watoto. Makala haya yanatetea kidude hicho. Kalimba, pamoja na ndugu zake wa asili waliotapakaa Afrika nzima, haina kazi ya kumshikisha mtu zamu wakati akingoja ala ya maana. Urahisi wake una faida mahususi. Unaondoa vikwazo vilivyo kati ya mkono na sauti, kisha unamwacha mwanafunzi uso kwa uso na jambo lililo gumu kweli katika muziki wowote, nalo ni kusikiliza.

Kuieleza ala yenyewe hakuchukui muda. Ni ubao, au kisanduku cha mbao chenye uwazi ndani, kilichopangiwa juu yake ndimi nyembamba za chuma. Ndimi hizo hukandamizwa na ufito wa chuma katikati ya vizingiti viwili, ncha zao za mbele zikiachwa huru na kuinuka kidogo. Mpigaji hukishika kisanduku kwa mikono miwili kama anayesoma kitabu, akazikandamiza ncha zile kwa vidole gumba na kuziachia. Wagogo wa Dodoma huiita ilimba, Washona wa Zimbabwe mbira, Waacholi wa kaskazini mwa Uganda lukeme, na huko Kongo ni likembe. Jina kalimba ndilo lililoenea madukani, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Shina lake ni lile lile la neno marimba, ambalo kwa Kiswahili limebeba ala mbili, ile ya vipande vya mbao inayogongwa kwa vijiti na hii ya ndimi za chuma. Na ule mwanzo wa ka- ni udogo tunaousikia katika katoto na kagari. Kwa hiyo anayekwenda kuinunua anakwenda kununua kitu ambacho jina lake tayari analo mdomoni.

Sauti yake inatoka wapi? Ulimi mrefu hutikisika polepole ukatoa sauti nzito, na ulimi mfupi hutikisika upesi ukatoa sauti nyembamba. Ila hesabu yake ina kichekesho kidogo. Ukiufupisha ulimi ukabaki nusu, kasi ya mtikisiko haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Ulimi ambao sehemu yake iliyo huru ni sentimita 6, ukisukumwa ndani hadi zibaki kama sentimita 4.2 tu, hutoa noti ileile oktava moja juu, yaani kwa mtikisiko wa kasi maradufu. Ndiyo maana kalimba nyingi huuzwa na kinyundo chake. Ukiugonga ulimi taratibu kwenye ncha ya mbele, unaingia ndani, unafupika na sauti inapanda. Ukiugonga kwa nyuma, unatoka na sauti inashuka. Milimita moja tu yatosha kuifanya noti iliyopotoka ikae mahali pake, na programu za bure za simu huonyesha imekaa au bado. Mwanafunzi wa kinanda anaweza kupiga miaka kumi bila kuona kilichomo ndani ya kasha. Wa kalimba huiona sababu ya sauti kwa macho yake wiki ya kwanza, na anaweza kuirekebisha mwenyewe bila kumwita fundi.

Sasa tuilinganishe na ala nyingine zinazopendekezwa kwa wanaoanza. Gitaa hudai mikono miwili ifanye kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja: wa kushoto ukandamize nyuzi mahali penyewe, wa kulia uzipige. Ncha za vidole huuma mpaka ngozi iwe ngumu, na noti moja safi isiyokwaruza huhesabiwa kuwa ushindi. Filimbi ya plastiki, ambayo watoto wengi wa Kenya huifahamu kutoka darasani, ni ya bei nafuu kweli, lakini tundu moja likivuja hewa kidogo au pumzi ikizidi kipimo, hulia kama birika linalochemka. Kinanda cha umeme hutoa noti kwa kubonyezwa tu, ila kinataka umeme, meza na nafasi, na hakibebeki kwenda nacho barazani. Kwa kalimba, noti ya kwanza ya aliyeishika dakika moja iliyopita haitofautiani sana na noti ya aliyeishika miaka ishirini. Tofauti ya watu hao wawili ni kubwa, lakini haimo katika noti. Imo katika kujua noti gani ifuate, ifuate lini, na kwa uzito gani. Ala nyingi humchelewesha mwanafunzi miezi kadhaa kabla ya kumfikisha kwenye swali hilo. Hii humfikisha jioni ileile.

Mpangilio wa ndimi nao una hekima yake. Kalimba iliyozoeleka madukani ina ndimi 17. Ule mrefu kuliko zote upo katikati, nao ndio noti ya kwanza, do. Ngazi haipandi kuelekea upande mmoja kama kwenye kinanda, bali huruka kushoto na kulia kwa zamu: re iko kushoto mwa do, mi iko kulia, fa kushoto, sol kulia, hivyo hivyo hadi pembeni. Kwa hiyo vidole gumba hupokezana kama miguu inayotembea. Zaidi ya hapo, ndimi zinazokaa jirani upande mmoja huwa zimeachana kwa noti moja, na noti zilizoachana hivyo hukubaliana masikioni. Telezesha kidole gumba cha kulia kutoka ulimi wa katikati hadi wa tatu: umepiga do, mi na sol kwa mkupuo mmoja, mwafaka ambao wapiga gitaa huuita kodi. Telezesha cha kushoto juu ya ndimi tatu za kwanza za upande wake: umepata re, fa na la, mwafaka wenye huzuni kidogo. Mwanafunzi wa gitaa huutafuta mwafaka kama huo kwa vidole vitatu vilivyojikunja. Hapa kidole kimoja kimeteleza sentimita mbili. Aliyeupanga ubao huu alikuwa ameshafanya nusu ya kazi ya mwanafunzi.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza hupata nguvu. Kitu ambacho mtoto anaweza kukipiga kikatoa sauti tamu, je, si kichezeo tu? Historia inajibu kwa ukali. Mwaka 1586 mtawa wa Kireno, João dos Santos, alifika Sofala, bandari ya kusini kabisa ya mwambao wa Waswahili, na katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1609 alieleza ala ya ndimi tisa za chuma iliyopigwa kwa vidole gumba, akaisifu kwa sauti yake laini. Karne nne baadaye, Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1938, aliipeleka ilimba kutoka Dodoma hadi majukwaa ya Ulaya na kutoa albamu kwa kampuni ya Real World ya Uingereza. Aliyoipiga ilikuwa na ndimi nyingi kupita zile 17 za dukani, na hakuna aliyemsikia akafikiria kichezeo. Baada ya kifo chake mwaka 2003 ukoo wake uliendelea: Pendo na Leah Zawose walitoa albamu yao, Maisha, mwaka 2024. Huko Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono N°1 waliunganisha likembe na vipaza sauti walivyovitengeneza kwa sumaku za magari mabovu, na muziki huo ukachezwa kwenye kumbi za mataifa ya mbali. Mwaka 2020 UNESCO iliingiza ufundi wa kutengeneza na kupiga mbira ya Zimbabwe na sansi, kama ala hiyo inavyoitwa Malawi, katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kwa hiyo urahisi wa kuanza haujawahi kumaanisha ufupi wa safari. 

Ugumu wa ala hii umejificha katika mdundo, na yeyote anaweza kuuonja bila hata kuwa na kalimba. Hesabu moja mpaka sita bila kuharakisha, urudie, urudie tena. Kidole gumba cha kulia kiguse meza kwenye moja, tatu na tano. Kikishazoea, ongeza cha kushoto kwenye moja na nne. Sasa mkono mmoja unapiga mara tatu na mwingine mara mbili katika muda uleule, ikikutana pale kwenye moja tu. Watu wengi hukwama kwenye ile nne, kwa sababu inaangukia katikati ya mapigo mawili ya mkono wa pili. Ukipita hapo, unaanza kusikia kitu cha tatu ambacho hakuna mkono uliokipiga: mdundo uliosukwa kwa mapigo ya mikono yote miwili. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria aliyechunguza muziki wa Afrika kwa miongo mingi, alionyesha kwamba aina kadhaa za muziki wetu wa ala zimejengwa juu ya jambo hilo: sikio huzikusanya noti za mikono tofauti na kusikia wimbo ambao haumo katika mkono wowote. Hapo ndipo nasema kalimba hufundisha kusikiliza. Mpigaji anayefikiria vidole vyake peke yake hausikii wimbo huo. Inambidi awe pia msikilizaji wa kile anachokipiga, kama mfumaji wa mkeka ambaye mikono inashika ukindu mmoja mmoja huku jicho likilinda nakshi nzima.

Pingamizi la pili ni la kiufundi. Kalimba ya ndimi 17 ina noti za ngazi moja tu, zile nyeupe za kinanda. Noti nyeusi hazimo, na wimbo wenye noti hizo katikati utakwama. Ni kweli, na anayetaka kupiga jazi au taarabu yenye maqamu (ngazi za Kiarabu) mengi atahitaji ala nyingine siku moja. Lakini kwa anayeanza, upungufu huo ni fadhila. Muziki hauanzi kwa kuwa na noti nyingi, unaanza kwa kujua la kufanya na chache. Idadi kubwa ya nyimbo za watoto, za harusi, za kanisani na za kazi zinaimbika kwa noti tano au saba, na ndimi 17 ni oktava mbili na zaidi. Aliye na kalimba anaweza kufanya jaribio hili: apige do, re, mi, sol na la pekee, popote zilipo ubaoni, bila kuzigusa fa na si. Hata akizifuatanisha ovyo, hazitagombana. Katika eneo hilo lisilo na kosa ndimo mtu anamopata ujasiri wa kutunga kipande chake mwenyewe, jambo ambalo wanafunzi wengi wa kinanda huambiwa wasubiri mpaka wafaulu mitihani. Mwenye shamba dogo hujua kila jiwe lililomo.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo hutoka kwa watu wanaoipenda ala hii kuliko sisi sote. Wanasema kalimba ya dukani ni ilimba iliyonyang'anywa roho. Wana hoja. Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia Rhodesia ya Kusini katika miaka ya 1920, alizunguka nusu ya bara akirekodi wanamuziki, Tanganyika ikiwemo. Mwaka 1954 alianzisha Afrika Kusini maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika pamoja na karakana, na humo akaunda kalimba ya kuuza kwa wageni, ikiwa imelinganishwa kwa ngazi ya Kizungu ya do-re-mi. Zile zinazotengenezwa viwandani leo, nyingi huko China, zimefuata njia hiyo. Ilimba ya Kigogo haifuati ngazi hiyo. Noti zake zinatokana na sauti za asili zinazojipanga zenyewe juu ya sauti moja ya msingi, na mojawapo huangukia mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Tena ilimba huvuma: pete ndogo za chuma huzungushiwa kwenye ndimi, au tundu la kisanduku huzibwa kwa utando wa buibui, ili kila noti iandamane na mlio wa kunguruma. Watengenezaji wa kalimba waliuona mlio ule kuwa kelele, wakauondoa. Kwa Wagogo kelele ile ni sehemu ya sauti, kama ukoko ulivyo sehemu ya wali.

Jibu langu si kwamba hasara hiyo ni ndogo. Jibu ni kwamba kinyundo kimo ndani ya boksi. Ala chache sana humruhusu mnunuzi azibadilishe lugha. Huwezi kukaa jioni ukakihamisha kinanda kutoka ngazi ya Ulaya kwenda ngazi ya Dodoma, ila kalimba unaweza, ulimi kwa ulimi, ukisikiliza rekodi za wazee na kugonga milimita moja moja. Waya mwembamba uliozungushwa kwenye ulimi utaurudisha mvumo. Anayefanya hivyo hatakuwa mpigaji wa ilimba wa Kigogo kwa hilo tu, maana ilimba huenda pamoja na lugha, uimbaji na watu wake. Lakini atakuwa amegundua kwa masikio yake kwamba do-re-mi ni chaguo moja kati ya mengi, na kwamba wazee wetu hawakuwa wakiikosea. Somo hilo halipatikani kwa kuikataa ala ya dukani. Linapatikana kwa kuinunua na kuitilia shaka. Tena anayetaka kupita dukani bila kuingia, njia ipo: ubao mkavu wa mninga au mvule, spoku za baiskeli au mbavu za mwavuli zilizopondwa zikawa bapa, na kipande cha nondo nyembamba cha kuzikandamiza. Mafundi wengi wa bara hili wametengeneza hivyo hivyo, kwa vyuma vilivyokwisha kutumika.

Wengine watauliza mwalimu atatoka wapi, kwa kuwa mitaa mingi haina hata mmoja. Tuangalie kilichofanyika Bulawayo, katika Zimbabwe ya leo, miaka ya 1960, kwenye chuo cha muziki cha Kwanongoma. Walipotafuta ala ya Kiafrika ya kufundishia walimu wa shule, walichagua mbira ndogo ya ndimi 15 iitwayo nyunga nyunga, aliyoileta Jege Tapera baada ya kuijua upande wa Msumbiji. Mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, Dumisani Maraire, akazipa ndimi namba kuanzia 1 hadi 15 ili wimbo uweze kuandikwa na kusomwa bila kujua noti za Kizungu. Mwaka 1968 alikwenda na mbinu hiyo hadi chuo kikuu cha Washington mjini Seattle, na mbegu aliyoipanda huko imezaa vikundi vya mbira na marimba Marekani na Kanada. Kwa hiyo zile namba zilizochongwa kwenye kalimba ya dukani, 1 mpaka 7 na nukta juu yake kwa oktava ya pili na ya tatu, si ujanja wa wavivu. Walimu wa Kiafrika walikwisha kuthibitisha kwamba namba zinatosha kumwanzisha mtu.

Lakini namba zina mtego, na bila mwalimu ni rahisi kunasa. Anayefuata mlolongo wa namba kwenye karatasi au kwenye video anaweza kumaliza wimbo mzima bila kuusikia, kama mtu anayesoma kwa sauti lugha asiyoielewa. Dawa ni kuanza kinywani. Chagua wimbo unaoujua tangu utoto, mfupi, ambao huwezi kuukosea hata ukiwa na usingizi. Uimbe. Tafuta ubaoni ulimi unaofanana na sauti ya kwanza, kisha jiulize kama sauti ya pili inapanda, inashuka au inakaa palepale. Utakosea mara tano kabla ya kupatia, na kila kosa utalisikia mwenyewe, kwa sababu wimbo unaoujua hukusahihisha bila kukukaripia. Hapo mwalimu umempata: ni kumbukumbu yako. Vidole vikishajua njia, ondoa macho ubaoni. Ndimi ni chache kiasi kwamba vidole hujifunza nafasi zake haraka. Namba zibaki kwa ajili ya nyimbo usizozijua na kwa kuandika ulichokitunga kisipotee.

Kuhusu umri na kipaji, watu wazima ndio hujihukumu kwa ukali. Husema vidole vimekakamaa na muziki ni wa waliozaliwa nao. Kweli watu hawalingani, na hakuna anayeahidi kwamba kila mpigaji atakuwa Zawose. Ila kwa ala hii mzigo wa mwili ni mdogo: vidole gumba viwili ambavyo kila mwenye simu huvifanyisha mazoezi kutwa. Linalobaki ni mpangilio wa muda. Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu huko Ujerumani mwaka 1885, imethibitishwa tena na tena kwamba kujifunza kidogo kidogo kwa siku nyingi hushika kuliko kujifunza kingi kwa mkupuo. Robo saa kila siku baada ya chakula cha jioni itakufikisha mbali kuliko saa mbili za Jumapili. Na hapa udogo wa ala unageuka kuwa hoja. Kinanda kilichofunikwa kitambaa sebuleni hungojea siku maalumu. Kalimba hukaa kwenye mkoba, ikapigwa wakati chai inachemka au foleni haisogei. Watafiti wanaeleza kwamba likembe ilipanda kutoka upande wa Kongo hadi Uganda ikiwa mikononi mwa wapagazi na vibarua, watu waliokwenda kwa miguu wakiwa na mizigo ya wengine kichwani. Wasingeweza kubeba ala yoyote kubwa kuliko hiyo.

Kwa anayetaka kununua, mambo machache yanatosha. Piga kila ulimi, hasa zile fupi za pembeni, maana kwenye kalimba mbovu hizo ndizo hutoa mlio wa kufa badala ya noti. Ya ubao mtupu ina sauti kavu na safi. Yenye kisanduku ina sauti kubwa zaidi, lakini baadhi ya ndimi zinaweza kumeza nyingine. Mwanzoni vidole vitauma. Tumia kucha iliyofugwa kidogo badala ya nyama ya kidole, na ukisikia maumivu pumzika, usishindane nayo. Hakikisha kinyundo kimo, na ujifunze kukitumia mapema, kwa sababu ala iliyopotoka hulifundisha sikio upotofu.

Na tukiri mipaka yake. Kalimba haiwezi kushindana na ngoma uwanjani wala kuongoza kwaya ya watu hamsini bila kipaza sauti. Noti yake huzima yenyewe, haivutiki kama ya zeze wala haikunjiki kama sauti ya binadamu. Atakayeipiga miaka miwili kisha akahamia gitaa hajaisaliti. Atafika kwenye gitaa akijua tayari kutofautisha noti iliyokaa na iliyopotoka, akijua kushika mapigo mawili dhidi ya matatu, akijua kuutafuta wimbo kwa sikio. Vidole vyake vitaanza upya, masikio hayataanza upya. Kumbe ule msemo wa sokoni tuliuelewa nusu. Kitu rahisi huwa ghali pale kinapokulazimisha kukinunua tena. Sikio likishafunzwa hulinunui mara ya pili, hata kama lilifunzwa kwa ubao na spoku za baiskeli.